Kinga ya virusi inapoisingizia faili: Ya kufanya kabla ya kuifuta au kuifungua

NA MWANDISHI WETU

KILA mwaka, juma la mwisho la mwezi Juni huwa na pilkapilka katika maduka ya huduma za intaneti, maarufu kama saiba, kuanzia Dagoretti Corner kufuata barabara ya Naivasha hadi Kawangware na Riruta. Tarehe 30 ya mwezi huo ndiyo siku ya mwisho kwa mtu binafsi kuwasilisha taarifa za mapato yake ya mwaka uliotangulia kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA).

Tuchukue mfano wa mhudumu wa saiba mojawapo, siku hiyo, saa mbili usiku. Mbele yake ameketi fundi wa samani ambaye karakana yake iko kando ya barabara ya Ngong. Fomu ya Excel ya ushuru imekwisha kujazwa, na imebaki hatua ya kuihakiki na kuituma. Ghafla, pembeni mwa kioo cha tarakilishi, linachomoza dirisha dogo lenye alama nyekundu: tishio limegunduliwa, faili imetiwa karantini. Fomu imetoweka.

"Sasa kijana wangu, kazi yangu imepotelea wapi?" anauliza mteja.

"Ngoja kidogo, mzee. Inasema ina virusi," anajibu mhudumu, huku foleni iliyo nyuma ikianza kunung'unika.

Swali la mteja si dogo. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha taarifa zake hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa zaidi. Kwa upande wa pili, tarakilishi hiyo hiyo hupitiwa na nywila, vitambulisho na nambari za siri za makumi ya wateja kwa siku. Kirusi kikiingia humo, hasara haiwi ya mtu mmoja.

Mawazo mawili humjia mhudumu upesi. La kwanza ni kuizima kinga ya virusi ili kazi iendelee. La pili ni kufuta kila kitu na kumwambia mteja arudi kesho. Yote mawili huenda yakawa makosa, kwa sababu bado hajajua jambo moja la msingi: je, faili ile ina kirusi kweli, au imesingiziwa?

Makosa ya aina mbili

Ili kuelewa jinsi faili isiyo na hatia inavyoweza kushtakiwa, mtazame mkaguzi wa nyama katika machinjio ya Dagoretti. Mkaguzi huyo hukabiliwa na hatari ya kukosea kwa namna mbili. Anaweza kuipitisha nyama yenye ugonjwa, au anaweza kuikataa nyama safi. Akizidisha ukali, wenye mifugo hupata hasara bure. Akilegeza, walaji huugua. Hana kisu cha kuyakata makosa yote mawili kwa mpigo mmoja. Kila anapolipunguza hili, lile huelekea kuongezeka.

Programu ya kukinga virusi iko katika hali iyo hiyo. Inapoiita faili safi kuwa ni kirusi, wataalamu husema kumetokea utambuzi wa kimakosa. Katika makala haya tutasema kwamba faili imesingiziwa.

Hesabu ndogo itatusaidia. Tuseme tarakilishi ina faili 200,000, na kinga yake hukosea mara moja tu katika kila faili 100,000 safi. Hicho ni kiwango kizuri mno cha usahihi. Hata hivyo, ukaguzi mmoja wa tarakilishi nzima utatoa tahadhari mbili za uongo. Ikiwa ndani yake mna kirusi kimoja cha kweli na kikagunduliwa, mwenye tarakilishi ataona tahadhari tatu, na mbili kati yake hazina msingi. Kwa hiyo, tahadhari ni sababu ya kuchunguza. Haijawa hukumu.

Jinsi kinga inavyoamua

Njia kongwe zaidi ya kugundua virusi ni kulinganisha. Kampuni inayotengeneza kinga huweka orodha ya vipande vya maandishi ya programu vilivyokwisha kuonekana katika virusi vinavyojulikana. Kila faili inayofunguliwa hulinganishwa na orodha hiyo. Njia hii husingizia mara chache, lakini ikiwa kipande kilichoteuliwa kinapatikana pia katika programu halali, kila mwenye programu hiyo hushtakiwa siku moja.

Njia ya pili ni kukisia kwa dalili. Virusi vipya huzaliwa kila siku, na hakuna orodha inayoweza kuvitangulia vyote. Basi kinga hutazama sura: je, faili hii imefungashwa kwa namna ya kuficha yaliyomo? Je, inajaribu kubadilisha faili nyingine? Hapa ndipo mashaka huzidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kinga iliyofunzwa kwa mamilioni ya virusi hushtushwa na chochote kinachofanana navyo.

Njia ya tatu ni kufuatilia mwenendo wa programu ikiwa tayari inafanya kazi. Njia ya nne ni kuuliza kuhusu sifa yake: ni tarakilishi ngapi duniani zimewahi kuiona faili hii? Ikiwa ni chache, hutiliwa shaka kwa ugeni wake tu.

Njia hii ya nne huwaumiza hasa waandishi wa programu wa hapa nyumbani. Programu ya kukokotoa mishahara iliyoandikwa na kijana mmoja katika ofisi ya barabara ya Ngong, ambako kituo cha wabunifu cha iHub kilianza mwaka 2010, na ikauzwa kwa maduka machache ya Kawangware, haijulikani na kinga yoyote. Ugeni wake pekee unatosha kuitia mashakani.

Makampuni makubwa pia yamekosea

Msomaji asidhani kwamba haya huwapata watumiaji wa programu za bure peke yao. Mnamo Mei 2007, kinga ya kampuni ya Symantec iliziona faili mbili muhimu za Windows XP ya Kichina kuwa ni kirusi na kuziondoa. Tarakilishi zilizoathirika zilishindwa kuwaka. Novemba 2008, kinga ya AVG iliishtaki faili ya user32.dll, ambayo bila hiyo Windows haiwezi kufanya kazi.

Kisa kilichovuma zaidi kilitokea Aprili 21, 2010. Kampuni ya McAfee ilisambaza orodha mpya ya virusi yenye nambari 5958. Orodha hiyo iliitambua faili ya svchost.exe, iliyo kiungo halali cha Windows XP, kama kirusi kilichoitwa Wecorl. Tarakilishi zilijizima na kujiwasha mfululizo na kupoteza mawasiliano ya mtandao. Hospitali katika jimbo la Rhode Island, Marekani, zilisimamisha kwa muda kuwapokea baadhi ya wagonjwa wa dharura, na nchini Australia maduka kadhaa ya Coles yalifungwa kwa kuwa mashine za malipo zilikwama. Orodha hiyo iliondolewa baada ya saa chache, lakini waliokwisha kuipokea walihitaji fundi wa kuirekebisha tarakilishi moja baada ya nyingine.

Septemba 19, 2012, kinga ya Sophos ilizishtaki programu za kujisasisha, ikiwemo ile yake yenyewe. Aprili 2017, Webroot ilizitia karantini faili halali za Windows. Na Septemba 4, 2022, Microsoft Defender, kinga inayokuja pamoja na Windows yenyewe, iliwatangazia watumiaji wa Chrome na hata wa Edge, kivinjari cha Microsoft hiyo hiyo, kwamba wana tishio liitwalo Hive.ZY. Kosa lilisahihishwa kwa sasisho jipya muda mfupi baadaye.

Siku kengele ilipokuwa ya kweli

Visa hivyo visimfanye mtu akapuuza kila tahadhari. Kipo kisa kingine kinachopaswa kusomwa sambamba navyo.

Kuanzia Machi 22, 2023, wateja wa kampuni ya 3CX, ambayo programu yake ya simu hutumiwa na mamia ya maelfu ya makampuni duniani, walianza kuona kinga zao zikiishtaki programu hiyo. Ilikuwa imetoka kwa kampuni yenyewe, kupitia njia yake rasmi, ikiwa na saini halali ya kidijitali. Wengi walidhani imesingiziwa. Baadhi walifikiria kuiweka katika orodha ya faili zisizokaguliwa ili kazi iendelee.

Wiki moja baadaye ukweli ulidhihirika. Wadukuzi walikuwa wameingia ndani ya kampuni na kuipandikiza sumu programu hiyo kabla haijatiwa saini. Kinga zilikuwa zimesema kweli tangu siku ya kwanza. Mwaka 2017 jambo kama hilo lilikuwa limeipata CCleaner, programu ya kusafishia tarakilishi, ambapo toleo lake la 5.33 lilisambazwa kutoka tovuti rasmi likiwa na kirusi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kutokana na visa hivi twajifunza kwamba hakuna ushahidi mmoja unaotosha. Chanzo kizuri peke yake hakitoshi, wala saini peke yake, wala ukimya wa kinga moja. Ushahidi hukusanywa na kupimwa kwa pamoja.

Hatua saba za kufuata

Kwanza, iache faili karantini. Karantini ni chumba kilichofungwa. Faili iliyomo haiwezi kufanya kazi, wala haijapotea. Inaweza kurejeshwa ikithibitishwa kuwa safi. Usiifute, na usiizime kinga. Ukifuta, umeangamiza kazi na ushahidi pamoja.

Pili, andika jina la tishio, jina la faili na mahali ilipokuwa. Jina hilo lina maana. Likiwa ni la kirusi mahususi kinachojulikana, tuhuma ni nzito zaidi. Likiwa na vipande kama Gen, Heur au Suspicious, kinga inakisia kwa kufananisha. Katika majina ya Microsoft, herufi !ml zinazowekwa mwishoni huonyesha kwamba uamuzi umetolewa na mashine iliyojifunza kwa mifano. Makisio hayo huenda yakawa ya kweli, ila ndiyo yanayosingizia mara nyingi zaidi.

Tatu, jiulize faili imetoka wapi. Je, umeipakua wewe mwenyewe kutoka tovuti ya mwenyewe, au umetumiwa kwa WhatsApp na rafiki aliyetumiwa na mwingine? Je, ilikuwa imelala miezi mitano ndani ya diski mweko inayozunguka kutoka tarakilishi moja hadi nyingine? Faili iliyokuwa salama mwezi uliopita na ambayo haijabadilika, kisha ikashtakiwa leo mara tu baada ya kinga kupokea orodha mpya, ina dalili za kusingiziwa. Faili iliyobadilika ukubwa bila wewe kuigusa ina dalili kinyume chake.

Nne, tazama saini ya kidijitali ikiwa faili ni programu. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha utafute ukurasa wa saini. Saini halali huonyesha aliyeitoa programu na kwamba haijabadilishwa tangu ilipotiwa saini. Kisa cha 3CX kinatukumbusha kwamba haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo.

Tano, tafuta maoni ya kinga nyingine. Tovuti ya VirusTotal, iliyoanzishwa nchini Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, huipitisha faili moja katika kinga zaidi ya 70. Ikishtakiwa na moja au mbili zisizo na jina kubwa, huenda imesingiziwa. Ikishtakiwa na 30, suala limekwisha. Lakini zingatia kwamba kirusi kilichozaliwa jana huweza kushtakiwa na mbili tu leo.

Sita, subiri ikiwezekana, kisha upime tena. Sasisha kinga yako, na baada ya siku moja au mbili urudie ukaguzi. Hapa muda ni shahidi mzuri. Faili iliyosingiziwa kwa kawaida huzidi kutakaswa, kwa kuwa kampuni husahihisha makosa yao. Kirusi cha kweli huzidi kushtakiwa, idadi ya kinga zinazokitambua ikipanda.

Saba, peleka malalamiko kwa kampuni iliyotengeneza kinga. Microsoft na kampuni nyingine kubwa zina ukurasa maalumu wa kupokea faili zinazodhaniwa zimesingiziwa, na wachambuzi wao huzikagua. Mjulishe pia aliyeiandika programu. Huenda umekuwa wa kwanza kumwonyesha kwamba amesingiziwa, au kwamba amevamiwa.

Usitoe siri ya mteja

Hatua ya tano ina mtego ambao wahudumu wa saiba hawana budi kuujua. Faili inayopakiwa katika VirusTotal haibaki kati yako na tovuti hiyo. Makampuni ya usalama na wateja wanaolipia huduma hiyo huweza kuipata. Ukipakia fomu ya ushuru iliyojazwa, umegawa jina la mteja, nambari yake ya PIN na mapato yake kwa watu usiowajua.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Pale taarifa zinapovuja na kuna hatari ya kweli ya mwenyewe kudhurika, mwenye dhamana ya data hiyo anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.

Iko njia salama. Kila faili ina alama ya kidole, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Nakili mfululizo utakaotokea na uutafute katika VirusTotal. Kama faili hiyo imewahi kukaguliwa, majibu yataonekana bila wewe kupakia chochote. Kama haijawahi, na ina siri za mtu, usiipakie.

Fomu ya ushuru na hofu ya makro

Turudi sasa kwa fundi wetu wa samani. Kwa nini fomu ya ushuru ishukiwe? Fomu ya Excel ya mfumo wa iTax ina makro, yaani programu ndogo zilizofichwa ndani ya jedwali. Ndizo zinazokagua hesabu na kutengeneza faili iliyobanwa ambayo hupakiwa katika mfumo. Bila kuruhusu makro, fomu haifanyi kazi.

Kwa bahati mbaya, makro zina historia chafu. Kirusi cha Melissa kilichoenea Machi 1999 kilikuwa makro ndani ya hati ya Word. Kundi la virusi la Emotet lilitumia hila iyo hiyo kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2022, Microsoft ilianza kuzizuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti hata kabla ya mtumiaji kuulizwa. Kwa hiyo, ukanda mwekundu unaosema makro zimezuiwa si ushahidi wa kirusi. Ni utaratibu wa kawaida. Tahadhari ya kinga inayotaja jina la tishio ni jambo jingine, na yahitaji uchunguzi.

Hapa kipo kipimo rahisi. Saiba nyingi hazipakui fomu mpya kwa kila mteja. Hunakili ile iliyohifadhiwa tangu siku ya kwanza. Basi mhudumu apakue fomu tupu, moja kwa moja kutoka tovuti ya KRA, kwa kutumia tarakilishi nyingine iliyo safi. Kisha aikague.

Ikiwa fomu mpya iliyo tupu haishtakiwi, ilhali ile ya zamani iliyo tupu yashtakiwa, na alama zao za vidole zinatofautiana ijapokuwa toleo ni moja, tatizo liko katika nakala ya saiba. Virusi vya makro hujipandikiza katika majedwali mengine yanayofunguliwa kwenye tarakilishi ile ile, na nakala hiyo huenda imeambukizwa kweli. Ifutwe, na tarakilishi nzima ikaguliwe. Ikiwa alama za vidole zinalingana na zote mbili zashtakiwa, uwezekano wa kusingiziwa ni mkubwa. Msomaji aangalie kwamba kipimo hiki hufaa kwa fomu tupu pekee, kwa sababu fomu ikisha kujazwa na kuhifadhiwa, alama yake hubadilika.

Na mteja wetu mwenye haraka? Njia ya busara ni kuijaza fomu mpya katika tarakilishi ile safi, taarifa zikisomwa kutoka karatasi zake mwenyewe, wala si kuihamisha faili iliyoshtakiwa kwa diski mweko. Kazi itachukua muda zaidi, lakini itafika kabla ya saa sita usiku bila kuihatarisha tarakilishi ya pili.

Diski mweko na kazi "iliyofutwa"

Lalamiko jingine la kawaida ni la mwanafunzi anayeleta insha katika diski mweko ili ichapishwe. Kinga yaondoa vitu kadhaa, diski yaonekana tupu, na mwanafunzi analia kwamba kazi yake safi imefutwa.

Mara nyingi hapa kinga haikukosea. Wapo virusi vya diski mweko vinavyoficha folda halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya njia ya mkato hukiamsha kirusi, kisha huonyeshwa folda yake ili asishuku. Kinga inapoondoa njia za mkato, folda halisi hubaki mafichoni. Katika dirisha la amri, ikiwa diski ina herufi E, amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huzifichua. Jambo la muhimu ni kutoandika chochote kipya katika diski hiyo na kutoifomati kabla ya kuzitafuta.

"Zima kinga kwanza"

Kuna tuhuma moja ambayo wauzaji wa tarakilishi kuukuu hupenda kuiita ya uongo. Ni ile inayotokea mtu anapoweka programu ya kuvunjia leseni ya Windows au ya Office. Maelekezo yanayokuja nayo husema: zima kinga kwanza, kwani itaisingizia faili hii.

Microsoft huiita mojawapo ya programu hizo HackTool:Win32/AutoKMS. Tuhuma hiyo haina uongo, kwa maana ndivyo ilivyo: ni chombo cha kuvunjia kufuli. Isitoshe, anayeitengeneza hajulikani, na ombi la kumwondoa mlinzi langoni ndilo hasa ambalo mwizi angelitoa. Mtu yeyote anayekutaka uizime kinga ili faili yake ifanye kazi amekupa sababu ya kutoifungua.

Ikithibitika imesingiziwa

Baada ya hatua zote, ikiwa ushahidi waonyesha faili ni safi, irejeshe kutoka karantini na uiruhusu faili hiyo moja tu. Usiruhusu folda nzima, na kamwe usiruhusu folda ya vitu vinavyopakuliwa au diski mweko, kwa sababu kirusi kijacho kitapita katika mlango huo huo. Andika tarehe na sababu ya ruhusa hiyo, na uiondoe kampuni ya kinga ikisha kusahihisha kosa.

Kwa wanaoandika programu hapa nchini, yapo ya kufanya kabla ya kilio. Watie saini ya kidijitali katika programu zao, waepuke vifungashio vinavyoficha yaliyomo, na wapeleke kila toleo jipya kwa makampuni makubwa ya kinga lichunguzwe kabla ya kuwafikia wateja. Wachapishe pia alama ya kidole ya kila toleo katika tovuti yao ili mnunuzi aweze kulinganisha.

Ikithibitika kwamba ni kirusi cha kweli na kimesababisha madhara, itenganishe tarakilishi na mtandao na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Wateja waliohudumiwa siku hiyo waambiwe wabadilishe zao pia, hata kama ni aibu kuwapigia simu. Matukio ya namna hii huweza kuripotiwa kwa kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yenye makao yake katika barabara ya Waiyaki. Kuingilia tarakilishi ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018.

Mwenye saiba anaweza kupunguza mahangaiko ya Juni 30 kwa mambo machache: atenge tarakilishi moja isiyochomekwa diski mweko ya mteja yeyote, apakue fomu mpya kila msimu, na awafunze wahudumu wake kusoma jina la tishio kabla ya kubofya kitufe. Mteja naye asingoje saa mbili za usiku wa mwisho. Anayefika mapema ana siku ya kusubiri kinga isahihishwe. Aliyechelewa ana dakika tu, na katika dakika hizo ndipo watu huzima kinga.